Kwa Nini Taa Yetu ya Dagaa Ina LED Tatu kwa Mstari, Wala Si Nne

Giza la mwezi uliopita lilipoanza, mvuvi mmoja wa Kibirizi, mwalo wa Kigoma, aliturudishia taa aliyoinunua kwetu, akiwa amekwisha kuifungua na kuihesabu, akasema mbele ya wateja wengine: "Fundi, umeniibia LED moja kila mstari, na mahali pake umeweka jiwe linalokula betri yangu."

Jiwe alilolisema ni rezista nyeupe ya wati 5, kipande kinachouzuia mkondo wa umeme usizidi. Lalamiko hilo tumelizoea tangu wavuvi walipoanza kuziacha karabai, na kwa upande mmoja ni la haki, kwa sababu betri inapokuwa na volti 12, karibu robo ya umeme wa kila mstari huishia kwenye rezista na kuwa joto tupu.

Hesabu ya mtaani husema kwamba LED nyeupe ni ya volti 3, betri ni ya volti 12, kwa hiyo nne zinatosha na rezista haina kazi. Hesabu hiyo inaichukulia LED kama balbu ya uzi, ambayo ukiizidishia volti kidogo, mkondo nao huzidi kidogo. LED haiendi hivyo. Moja ya wati 1 tuliyoipima mezani ilipitisha miliampea 30 kwa volti 2.7, miliampea 130 kwa volti 2.9, miliampea 350, ambazo ndizo kiwango chake, kwa volti 3.1, na miliampea 680 kwa volti 3.3.

Sasa funga nne kwa mfuatano, moja nyuma ya nyingine, bila rezista, kila moja ikipata robo ya volti za betri. Betri ikiwa na volti 12.4, taa inapendeza na mteja anaondoka ameridhika. Betri iliyotoka tu kwenye chaji, ambayo kwa muda hubaki na volti 13.2 hivi, huzipa LED hizo karibu maradufu ya kiwango chake. Zikipata moto, volti zinazohitajika hupungua, na mkondo huzidi kupanda. Akiijaribu mchana huku sola ikichaji kwa volti 14.4, mkondo huvuka ampea 1. Na usiku wa manane, betri ikishuka hadi volti 11.6, taa hiyo hiyo hufifia hadi karibu theluthi, wakati dagaa ndio kwanza wanakusanyika.

LED ni aina ya daiodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na mlinganyo wa daiodi alioutoa mwanafizikia William Shockley mwaka 1949 unaonyesha kwamba katika daiodi kamilifu, kila ongezeko la takriban milivolti 60 huzidisha mkondo mara kumi. LED halisi ina ukinzani wake wa ndani unaoulaza mchoro wa mkondo dhidi ya volti, na hata zilizotoka katika pakiti moja hutofautiana, ndiyo maana kila shehena ya LED tunaipima na kuichorea mchoro wake kabla ya kuchagua rezista. Mteja haioni kazi hiyo, lakini imo katika bei.

Kwa LED tatu na rezista ya omu 15, mkondo ni kama miliampea 200 kwenye volti 12, na hata kwenye volti 14.4 haufiki 350. Hiyo ndiyo kazi ya lile jiwe.

Mteja mwingine, kijana wa Ujiji, aling'oa rezista zetu zote, akaziunga LED sambamba, yaani ubavu kwa ubavu, chini ya rezista moja kubwa ili kuokoa waya. Iliyokuwa na volti ndogo kuliko wenzake ilivuta mkondo mwingi, ikapata moto, ikavuta zaidi, ikaungua. Mzigo wake ukaziangukia zilizobaki. Alituletea bamba lenye madoa meusi kumi na moja akiomba dhamana, na hatukuweza kumpa.

Anayetaka LED nne kwa mstari tunamtengenezea kwa draiva inayoushikilia mkondo mahali pamoja, betri ipande au ishuke. Bei yake ni kubwa zaidi. Yule mzee wa Kibirizi aliitazama, akauliza bei, akairudishia taa yake kifuniko na kwenda nayo.