Dohani iliyokatwa miguu, na bei yetu inayolalamikiwa

Wiki iliyopita dada mmoja, mteja wetu hapa Leicester, Uingereza, alinipigia simu akiwa amewaka. "Fundi, pauni 3,400 kwa chuma kimoja cha kubeba dohani? Binamu yangu kaambiwa 600, tena kazi ya siku moja!" Si wa kwanza. Lalamiko hili tunalisikia kila mwezi, basi bora niliandike, maana kwenye simu naishia kufoka.

Nyumba nyingi tunazonunua huku ni za safu, za enzi ya Malkia Victoria. Karibu kila chumba kilikuwa na meko ya makaa, na dohani ilipanda kutoka chini mpaka juu ya paa, imeshikana na ukuta wa pamoja na jirani. Gesi ya kupasha nyumba joto ilipoingia, watu wakataka sebule pana, wakavunja kiwiliwili cha dohani. Kichwa wakakiacha juu. Ukisimama barabarani ukaiona dohani, kisha ukaingia sebuleni na vyumbani ukakuta ukuta umenyooka, jiulize ile ya juu imekalia nini.

Ya dada huyu ilikalia mbao mbili. Nilipanda darini na tochi nikakuta matofali yaliyokatwa kwa nyundo, na chini yake mbao za inchi 4 kwa 2 zimelazwa juu ya boriti za dari, zimeshabonyea katikati. Tofali la zamani lina karibu kilo 3. Hesabu matofali 400 na chokaa yake, umeshapita tani moja. Chini ya dari ile kulikuwa na kitanda cha mtoto. Nilimwambia amhamishe usiku uleule.

Huyo binamu atafungiwa mabano mawili ya chuma ya pembetatu. Sisi pia tunayafunga, pale mhandisi anaporuhusu: ukuta uwe mzima, wa inchi 9, dohani isiwe imejitokeza sana, na ya jirani iwe bado imesimama upande wa pili. Halmashauri nyingine hazitaki hata kuyasikia. Nyumba moja tuliyoitwa, fundi wa bei poa alifunga mabano mazuri kweli, na rangi kapaka, ila hakubisha hodi kwa jirani. Kumbe jirani naye alishavunja yake. Ukuta ukaanza kuvutwa, ufa ukashuka mpaka chumbani, unaweza kutumbukiza sarafu. Mwenye nyumba akatulipa kuyang'oa mabano, akalipia boriti ya chuma, akamlipia na jirani plasta.

Njia nyingine ya mkato ni bima. Wakati wa kununua, wakili anakwambia kazi ile ya kuvunja dohani haina cheti cha ukaguzi cha halmashauri, muuzaji atakukatia bima, mambo yaishe. Bima hiyo ni ya siku halmashauri itakapokuchukulia hatua. Haishiki tofali hata moja. Tena ukishawauliza halmashauri, kampuni inaweza kukataa kukukatia, ndiyo maana mnaambiwa mnyamaze! Kwa kazi iliyoanza tangu 11 Novemba 1985 cheti chaweza kuombwa baadaye, lakini mkaguzi atataka kuona kinachobeba mzigo, hata kwa kutoboa dari. Na yule mtu wa benki aliyepita dakika ishirini kukadiria thamani ya nyumba hakuja kwa ajili yako, alikuja kwa ajili ya mkopo.

Sasa hiyo 3,400. Mhandisi anapiga hesabu na kuchora. Jirani anapelekewa barua kwa sheria ya kuta za pamoja ya mwaka 1996, miezi 2 kabla, isipokuwa akubali mapema kwa maandishi. Boriti ya chuma haipiti kwenye ngazi, kwa hiyo tunaipandisha vipande na kuiunga darini kwa bolti. Nguzo za muda za chuma, akro, zinashikilia dohani wakati huo. Kila ncha ya boriti inakalia jiwe la zege. Halafu inakuja ile nafasi kati ya chuma na tofali, ambayo hakuna mteja anayeiona. Tunaijaza saruji na mchanga wenye unyevu kidogo tu, ukiufinya mkononi unashikana bila kutoa maji, na tunaushindilia kwa kipande cha mbao na nyundo mpaka ugome kuingia. Ukiweka uji hapo, unanywea ukikauka, dohani inashuka milimita kadhaa, na hizo ndizo nyufa zako. Nguzo haziondoki siku hiyo. Siku moja, eti.

Mara nyingine nashauri kichwa chenyewe kishushwe mpaka chini ya vigae. Ila kama upande wa jirani bado unatoa moshi wa gesi, hatugusi tofali kabla ya fundi wa gesi aliyesajiliwa kuja kuangalia. Kifusi kikiziba njia, hewa ya sumu inarudi sebuleni kwake.

Dada alinunua nyumba ile mwaka jana, hakuna aliyepanda darini. Angepanda mtu kabla ya kubadilishana mikataba na muuzaji, hizo 3,400 angedai zipunguzwe kwenye bei. Kupanda, kupiga picha na kukuandikia ukurasa mmoja tunatoza pauni 80, na ukitupatia kazi tunazikata kwenye malipo yako. Mwambie wakala wa nyumba ahakikishe mlango wa darini unafunguka. Mara mbili mwaka huu tumekuta umepakwa rangi ukagandana.