Mama, Mbwana mruhusu, lakini asije kwa basi

Juba, Sudan Kusini
Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Assalaam alaykum kwako, kwa baba mdogo, kwa bibi na kwa wote hapo Makorora, Tanga. Mimi mzima, kazi ipo, na joto la huku ni kama lenu ila hakuna upepo wa bahari wa kulipoza. Barua nimeirefusha makusudi, nikijua Mbwana ndiye atakayekusomea. Basi Mbwana, soma yote, hata pale panapokusema wewe. Usiruke.

Uliniuliza kwenye simu, mama, umruhusu Mbwana aje kunitembelea huku Juba au umzuie. Nikakwambia nitaandika, maana simuni mtu hujibu mbio mbio, na salio likikata ndiyo basi. Jibu langu ni hili: mruhusu, aje wiki mbili ajionee, lakini asije kwa basi. Hilo halina mjadala. Akishikilia basi, chukua pasipoti yake ufungie kabatini.

Najua ameshapiga hesabu na wenzake wa stendi ya Kange. Hata mimi naijua hiyo hesabu: Horohoro, Mombasa, Nairobi, Kampala, Gulu, halafu mpaka wa Elegu, unavuka Nimule, unaingia Juba. Nauli zote ukizijumlisha ni ndogo kuliko tiketi ya ndege, sikatai. Kipande kibaya ni cha mwisho. Kutoka Nimule hadi Juba ni kilomita 192 za lami iliyokamilika mwaka 2012 kwa fedha za Marekani, na ukiiona kwenye picha utasema mbona ni barabara nzuri tu. Lakini huku na huku ni pori, na humo porini kuna watu wenye bunduki ambao hakuna anayejua ni wa nani. Agosti 2021 basi liliviziwa humo, wakafa watu, wakiwemo watawa wawili wa Kikatoliki waliokuwa wanarudi kutoka kwenye sherehe ya parokia. Mwaka huohuo madereva wa malori kutoka Kenya na Uganda waligoma baada ya wenzao kuuawa. Malori yakapanga foleni mpakani, wakasema hawaingii mpaka wahakikishiwe usalama. Sasa fikiri, Mbwana. Dereva wa lori, mtu anayekula kwa barabara, anaikataa barabara. Wewe unakwenda na nini?

Watu watakwambia, "Mbona fulani alipita juzi?" Ni kweli, siku nyingi watu hupita salama. Siku nyingi, si zote.

Kama shida ni pesa, fanya hivi: kwa barabara njoo mpaka Nairobi, ambako njia unaijua, kisha panda ndege. Nairobi hadi Juba hata saa 2 angani hazifiki. Zipo pia ndege zinazopitia Entebbe na Addis Ababa, linganisha bei. Ila chagua inayotua mchana. Mgeni kufika mji huu giza limeingia, hamjui mtu, mabegi mkononi, sitaki hata kuliwaza. Na tiketi iwe ile inayobadilishika tarehe, hata ikizidi bei kidogo, kwa sababu hali ya huku hugeuka ndani ya siku mbili. Machi 2025 Wamarekani waliwaondoa wafanyakazi wao wasio wa lazima, Wajerumani wakafunga ubalozi kwa muda, na kabla mwezi haujaisha Riek Machar, wakati huo makamu wa kwanza wa rais, akawekwa kizuizini nyumbani kwake. Ukisikia balozi zinaondoa watu, usinipigie kuuliza kama uje. Ahirisha. Mimi ninayeishi hapa nimeshazoea, na aliyezoea si mtu mzuri wa kumuuliza.

Viza, kaulize ubalozi wao wenyewe. Wakala wa mtaani achana naye, na usisikilize maneno ya kijiweni kwamba "sisi Afrika Mashariki tunaingia bure", maana taratibu hubadilika. Ukishafika unajiandikisha uhamiaji, nitakupeleka mwenyewe. Na jambo moja nikwambie mbele ya mama: viza ya matembezi si kibali cha kazi. Najua una mpango wa kuja na spana zako za friji uangalie upepo. Spana ziache Tanga.

Chanjo ya homa ya manjano ni lazima, na kadi yake wanaiangalia uwanjani. Ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari, chini ya hapo haihesabiki. Ukishachomwa ni ya maisha, hurudii tena. Nenda hospitali ya Bombo uulize inatolewa wapi, na hapohapo uulize kuhusu dawa za kuzuia malaria. Usiniambie wewe mtoto wa Tanga mbu unawajua. Mbu wa huku hawakujui wewe.

Tuje kwenye pesa, maana hapa wageni wengi hukwama. Usitegemee kadi ya benki, njoo na dola za noti. Lakini si dola zozote. Juzi nilikuwa kwenye duka la kubadilishia fedha, mbele yangu kuna kaka mmoja na noti yake ya mia. Yule kijana wa dirishani akaipokea, akaipapasa kola ya yule mzee wa pichani kwa ukucha, akaiinua kwenye taa, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye kingo zote nne. Pembeni kulikuwa na mchaniko, mdogo kiasi kwamba mimi sikuuona mpaka aliponionyesha. Akairudisha. Kaka akabisha, akatoa nyingine, hiyo ikakutwa na kamuhuri ka wino wa bluu. Nayo ikarudi. Akatoka hapo na dola 200 zisizonunua hata chai. Kwa hiyo unapochukua dola huko nyumbani, kagua moja moja papo hapo dirishani, na usione haya. Unataka noti mpya za mia, zile zenye utepe wa bluu katikati zilizoanza kutoka mwaka 2013. Zisiwe na mkunjo mkali, maandishi, muhuri wala tundu la pini. Zilaze ndani ya kitabu, usizifunge kwa mpira. Noti ndogo ndogo, za tano na za kumi, beba chache za dharura tu, maana wanazibadilisha kwa kiwango cha chini.

Ukishabadilisha utapewa mabunda ya pauni, utajiona tajiri. Hizo zigawe: za matumizi ya siku kwenye pochi ya mfukoni, nyingine kwingine mwilini, nyingine ndani. Akitokea mtu wa kukunyang'anya, mpe hiyo pochi bila maneno. Na simu pia mpe.

Barabarani, sikiliza vizuri sana hapa. Huku magari yanakwenda upande wa kulia. Sisi tumezoea kutazama kulia kwanza ndipo tuvuke, na huku gari linalokuja kukugonga linatokea kushoto. Halafu magari mengi yameletwa kutoka Uganda, usukani uko kulia kama wetu, basi macho yanakudanganya zaidi. Bodaboda zimejaa. Mchana kwa safari fupi sikukatazi, ila usiku hapana, na hata mchana uwe na namba ya mtu tunayemjua. Ng'ombe nao hukatiza barabara kama watembea kwa miguu wengine, na kumgonga ng'ombe wa watu huku ni kesi ya wazee na silaha, siyo kesi ya bima.

Picha. Mbwana, hapa ndipo ninapokuogopea kuliko kwenye bunduki. Wewe kila kitu lazima ukirushe kwenye status. Huku kupiga picha hadharani kunataka kibali, na usijaribu kabisa uwanja wa ndege, daraja la Nile, kambi, ofisi ya serikali, msafara wa wakubwa au mtu yeyote mwenye sare. Hata kuishika simu usawa wa kifua ukiwa unasoma ujumbe, askari anaweza kudhani unarekodi. Simu ikae mfukoni mpaka uwe ndani ya geti. Na ile kofia yako ya mabaka, ambayo hata huko kwetu inaweza kukuletea kesi, mpe mama atandazie kuku.

Gari likisimamishwa kwenye kizuizi, dereva hupunguza mwendo mapema. Ikiwa giza limeingia anazima taa kubwa na kuwasha ya ndani. Vioo vinashushwa, miwani ya jua inavuliwa, mikono inakaa mahali inapoonekana. Wewe salimia, kisha kaa kimya, dereva ndiye msemaji. Usiingize mkono mfukoni mpaka uambiwe toa kitambulisho. Mara nyingi unayemkuta hapo ni kijana mdogo kuliko wewe, ndala miguuni, bunduki mapajani, kiti chake ni jerikeni. Wiki iliyopita mmoja alinichungulia muda mrefu, moyo ukanienda mbio, kumbe anaangalia chupa yangu ya maji. Nikampa, tukapita. Lakini siku nyingine wanataka hela. Ongea taratibu, omba risiti kwa adabu, usipandishe sauti na usicheke ovyo. Haraka yako isionekane.

Saa 12 jioni uwe ndani. Nje ya mji hatuendi, na ukiona mawe yaliyopakwa rangi nyekundu, au kibao chekundu chenye fuvu, simama hapohapo urudi kwa nyayo zako. Yapo mabomu ya ardhini tangu vita vya zamani, na kujisaidia porini kumewagharimu watu miguu.

Maji ya mjini huletwa na malori ya matangi, mengi yanachotwa Nile. Hayo ni ya kufulia na kuoga. Ya kunywa ni ya chupa, na kizibo ukikague kabla hujalipa. Ya kupigia mswaki pia ni ya chupa. Barafu hapana, kachumbari ya barabarani hapana. Nami mpishi nakwambia, chakula kikitoka motoni kinafuka mvuke, kula, hata kama ni cha kibandani. Kilichokaa, kiache. Oktoba 2024 wizara yao ya afya ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, si hadithi. Beba paketi za ORS, dawa zako za mseto, na chandarua ingawa nami ninacho. Ukipata homa usisubiri ipoe, tunakwenda kupima siku hiyohiyo.

Ugonjwa ukizidi, watu hukimbizwa Nairobi kwa ndege, na hiyo ndege inaweza kula nyumba ya mama. Kwa hiyo kata bima ya safari, ila kabla hujalipa muulize mwenye bima swali moja: Sudan Kusini imo au haimo? Bima nyingi huziweka kando nchi za vita, na maandishi hayo huwa madogo, mwisho wa karatasi.

Mama, sasa hili ni lako. Januari 2025, zilipofika habari za watu wa Sudan Kusini kuuawa Wad Madani huko Sudan, vijana wa hapa walivamia maduka ya wafanyabiashara Wasudan. Serikali ikakataza watu kutoka nje kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, halafu ikaamuru Facebook na TikTok zifungwe, zikafungwa siku kadhaa. Sisi tulikuwa ndani ya geti, tukapika kilichokuwemo stoo, mchele na maharage, na mafuta ya jenereta tukayapima. Ukisikia tena mambo hayo redioni usianze kulia. Kimya chetu hakina maana tumekufa, huenda mtandao ndio umekufa. Tutatumia ujumbe wa kawaida wa simu, neno moja tu, "tupo". Saa 24 zikipita bila neno hilo, ndipo baba mdogo ampigie bosi wangu, kisha yule dada wa Muheza wa kwenye kundi letu la Watanzania. Namba zao mnazo. Nakala ya pasipoti ya Mbwana, ya tiketi na ya bima ziwe kwako, kwenye lile sanduku la hati ya kiwanja.

Mimi nina begi langu dogo mlangoni, kama walivyo wengi waliokuwepo Julai 2016 mji ulipopigwa, na kama walivyonifundisha: pasipoti, dola, maji, dawa, betri ya akiba ya simu, viatu vya kufunga. Mbwana naye atatengeneza lake siku atakayofika, kabla hajala.

Ukija, nguo nyepesi za heshima zinatosha, misikiti ipo, nyama ya halali ipo. Niletee unga wa muhogo kilo 2, nimekumbuka bada, na leso mbili za maneno mazuri, mama achague. Machungwa ya Muheza usibebe, yataozea Nairobi.

Tiketi usilipe bado. Kadi ya chanjo kwanza, kisha nitapiga Jumatano tupange tarehe, saa 1 usiku za huku, kwenu itakuwa saa 2. Simu iwe na chaji.

Mwanao,
Mwanahamisi