Sifuri Imeniponza

Mpenzi Rehema,

Salamu nyingi, na wa nyumbani kwako wote. Najua nimekaa kimya kupita kiasi. Ule ujumbe wako wa tatu, "Uko hai?", ulinikuta hai kabisa ila sina uso wa kujibu. Nahisi Sele ameshakwambia, maana hana kifua yule. Nilifanya GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya shahada za juu, na hesabu nikapata 151.

Usianze kunipa moyo kwamba alama zinaanzia 130 na kuishia 170, hivyo nimeangukia katikati. Vyuo ninavyovitaka havitafuti mtu wa katikati. Tena lugha, niliyokuwa naiogopa, nilipata 158! Kibaya zaidi hawakupi hata muda wa kujiandaa: ukimaliza, skrini inakutolea alama za lugha na hesabu palepale, insha tu ndiyo unaisubiri. Nilikodoa macho mpaka msimamizi akaja kuuliza kama nina shida. Nikamwambia hapana. Uongo mtupu.

Siku nne sikugusa kitabu. Kisha nikarudi kwa hasira, maswali hamsini, sitini kwa siku, usiku macho mekundu. Wiki mbili za namna hiyo, nikajipima kwa jaribio moja la POWERPREP, yale ya mazoezi wanayotoa wenye mtihani wenyewe. 152! Jasho lote lile, alama moja. Nililia, Rehema, nikacheka, nikalia tena.

Ndipo nikafanya jambo ambalo Mama Ashura alilisema tangu mwanzo nikamdharau (usimwambie). Nilichukua daftari nikaandika kila swali nililokosa, na pembeni, badala ya jibu sahihi, nikaandika nilikuwa nawaza nini nilipochagua lile la makosa. Kazi ya aibu hiyo. Nikifika swali la tano nikaona naandika maneno yaleyale.

Nikupe moja uone. Kiasi A ni x mara x, Kiasi B ni x. Hakuna maelezo mengine. Kipi kikubwa? Mimi mbiombio: A! Sekunde tano, nikajiona mtaalamu. Sasa weka nusu: A inakuwa robo, B ndiyo kubwa. Weka moja au sifuri: zinalingana. Jibu ni lile la nne, kwamba haiwezi kujulikana. Makosa yangu zaidi ya nusu yalikuwa ndugu wa hilo. Kumbe namba yoyote nisiyoijua naichukulia kuwa nzima, chanya na kubwa kuliko moja. Jina langu lenyewe, Tatu, ndivyo lilivyo, labda ndiyo sababu.

Kwa hiyo siku hizi kabla sijajibu swali la kulinganisha naandika kwenye karatasi: sifuri, moja, nusu, hasi mbili. Nazipitisha moja moja. Inachosha, lakini inanikamata.

Kosa jingine ni ubishi wangu, unaujua. Kipande cha kwanza cha hesabu ni maswali 12 kwa dakika 21, na unavyokifanya ndivyo kompyuta inavyokuchagulia ugumu wa kile cha pili. Mimi swali la saba nikaling'ang'ania kama kupe, dakika tano zikaenda, na kikokotoo cha kwenye skrini nikakitumia hata kuzidisha 15 kwa 4. Muda ukaisha maswali mawili yakiwa matupu. Matupu, Rehema! Mtihani wenyewe haukati alama kwa jibu la makosa, na ungekuruhusu uweke alama kwenye swali, uendelee, urudi baadaye ndani ya kipande hichohicho. Yote hayo niliyajua. Ningebahatisha tu...

Haya, yameshapita. Angalau naweza kuchagua kutuma alama za mara ya pili peke yake, hiyo 151 ikabaki siri yangu na ya Sele, yaani ya dunia nzima.

Jana nilijipima kwa maswali 12 nikapata 10. Moja kati ya yale mawili: umeambiwa a mara b ni sawa na a mara c, linganisha b na c. Nikafuta a pande zote mbili kwa furaha, nikajibu zinalingana. Na kama a ni sifuri je? Nilitaka kurusha daftari dirishani.

Sasa shida iliyonifanya niandike. Nimebakiza jaribio moja ambalo sijalifungua, na nataka kulifanya Jumamosi kama mtihani wenyewe, saa moja na dakika 58, bila kuinuka. Nikiwa peke yangu najihurumia, nasimamisha saa nikanywe maji. Nahitaji mtu asiyenionea huruma. Nimekufikiria wewe kwanza, na hilo lichukulie kuwa sifa.

Zile siku 21 wanazotaka zipite kabla ya kurudia zimekwisha, ila sijajiandikisha. Nijiandikishe sasa hivi nijibane, au nisubiri tuone ya Jumamosi? Matokeo rasmi huchukua siku 8 hadi 10, na tarehe za mwisho za vyuo hazinisubiri. Utaweza asubuhi, au bado una zile zamu? Insha yangu ya nusu saa utaisoma bila kuniremba? Na wewe ule mpango wako wa kuomba umefikia wapi, mbona Sele anasema umeahirisha? Au naye kakuelewa vibaya? Nijibu hata kwa neno moja. Simu yako nitaishika mimi Jumamosi, na yangu ukae nayo wewe.

Wako,
Tatu