Barua kwa mwanangu: usivue miwani Isyonje

Kyela, Julai

Mwanangu mpendwa,

Ugonile. Sisi huku hatujambo. Mama yako anakusalimu, na joto la Kyela ni lilelile unalolijua, hata mwezi huu wa saba ambao huko Uyole watu wanavaa makoti mawili.

Juzi kwenye simu ulisema jambo ukalipita kama la kawaida, nami usiku sikulala. Ulisema ukifika Isyonje asubuhi na pikipiki yako unavua miwani na kuitia mfukoni kwa sababu imejaa ukungu, halafu unateremka hivyo hivyo hadi Kiwira kazini. Sikukujibu palepale kwa kuwa mama yako alikuwa karibu, na lipo jambo ambalo hata yeye sijawahi kumweleza lilivyokuwa. Nimeona niliandike.

Kovu hili lililo chini ya mdomo wangu, ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiligusa kwa kidole na kuniuliza limetoka wapi. Nilikuwa nakujibu kwamba dereva mmoja aliegesha lori vibaya. Si kweli. Dereva yule hakuwa na kosa lolote.

Ilikuwa mwaka 1998, mimi bwana shamba, natoka Uyole kuwahi mkutano wa wakulima wa kahawa. Pikipiki ya ofisi, kichwani helmeti ya nusu, skafu ya sufu nimeivuta hadi juu ya pua kwa ajili ya baridi. Nilipoanza kuteremka miwani ikafifia. Nikaifuta kwa kidole cha glavu, ikawa michirizi mitupu. Nikaona kitu cha kijani kwenye lami, nikadhani ni majani ya mgomba yaliyodondoka kwenye gari la ndizi. Mbele kidogo nikaona tena kijani. Yalikuwa matawi, mwanangu. Dereva alikuwa ameyapanga vizuri kutahadharisha watu, kama ilivyo desturi: rundo la kwanza mbali, la pili karibu kidogo, la tatu nyuma tu ya tela lililoharibika. Marundo mawili niliyapita bila kuelewa. La tatu ndilo lililonishtua. Nikakata upande, nikaingia mtaroni, kidevu kikagonga ukingo wa zege. Meno mawili ya chini yaling'oka, yakabaki palepale mtaroni. Aliyenifunga jeraha kwa shati lake ni dereva huyohuyo niliyemsingizia miaka yote hii.

Alipomaliza kunifunga aliniokotea miwani, nikaipangusa, nikatazama nilikotoka. Matawi yote niliyaona, rundo kwa rundo, hadi lile la mbali kabisa. Ukungu wa barabarani asubuhi ile ulikuwa mwepesi. Ule mzito ulikuwa kwenye miwani yangu, na niliutengeneza mwenyewe kwa pumzi yangu.

Ndiyo maana nakuomba, baba, usivue miwani. Ukienda kilomita 60 kwa saa, kila sekunde moja unakula karibu mita 17 za barabara. Wewe bila miwani humtambui hata mdogo wako akisimama ng'ambo ya uwanja wetu, sasa tawi utalionaje? Na jicho likiwa wazi lina hatari zake. Kokoto zinaruka kutoka kwenye matairi ya malori ya mpakani Kasumulu, na mvua zikianza kumbikumbi wanakuja usoni kwa wingi. Mdudu mmoja akikuingia jichoni, macho yote mawili yanajifunga yenyewe, hutaweza kuyazuia.

Jambo la kwanza ni skafu. Hewa inayotoka puani ina joto la karibu nyuzi 34 na imebeba unyevu mwingi. Kioo cha miwani saa kumi na mbili asubuhi Uyole kina baridi ya chini ya nyuzi 10. Vikikutana, unyevu unageuka kuwa vitone vidogo sana juu ya kioo, na vitone hivyo ndivyo vinavyotawanya mwanga hadi uone maziwa matupu. Ukiziba pua kwa skafu, hewa haina pa kutokea ila juu, kwenye miwani. Utakumbuka mwaka 2020 tulipovaa barakoa, kila mwenye miwani alilalamika, hadi tulipojua kubana ule waya wa juu ya pua na kuikalisha miwani juu ya kitambaa. Ni habari ileile. Skafu ifunge shingoni na kidevuni, iishie chini ya pua. Pua ikiuma kwa baridi, ipake mafuta ya mgando, ila unawe mikono kabla ya kushika miwani.

Jambo la pili ni sabuni, na hili nililijaribu kwa miaka mingi hadi nilipostaafu. Jioni, osha miwani kwa maji ya baridi kwanza, vumbi litoke, maana ukifuta kioo chenye vumbi unakikwangua. Kisha tia tone moja tu la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na mafuta ya kulainisha mikono, upake kwa kidole pande zote mbili. Usisuuze. Chukua kitambaa laini cha pamba, sugua taratibu mpaka kioo kiwe safi kabisa na usione alama ya sabuni. Utando mwembamba unabaki pale bila kuonekana, na mvuke ukija hausimami kuwa vitone, unatandaa, nawe unaona. Kama huna ya maji, gusisha kipande kikavu cha sabuni ya mche, kidogo sana, halafu sugua vilevile. Asubuhi ya ukungu mzito inaweza isidumu safari nzima, kwa hiyo rudia kila jioni. Kama miwani yako ni ile yenye mng'ao wa kibuluu, muulize kwanza aliyekupimia macho ni dawa gani inaifaa, kwa sababu ule mng'ao ni tabaka linaloweza kuharibika. Watakaokuambia upake dawa ya meno usiwasikilize, inakwangua. Kiazi kilichokatwa nilijaribu. Kinasaidia kidogo, kisha kinaacha weupe wa wanga, na taa za lori zikikupiga huoni kitu.

Sasa helmeti. Hiyo ya nusu unayovaa inalinda utosi, basi. Nakubali ni bora kuliko kichwa kitupu. Shirika la Afya Duniani limetangaza mara nyingi kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa karibu asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Lakini mtu akianguka hachagui pa kuangukia. Mimi utosi wangu haukupata hata mkwaruzo siku ile.

Kwa hiyo nimeuza gunia moja la mpunga nikakununulia helmeti ya kufunika uso mzima, yenye taya. Usiseme nimejinyima, ndiyo kazi ya mpunga. Kioo chake nimechagua cheupe. Vile vyeusi vinapendeza mchana, lakini kwenye ukungu na usiku ni kama kufumba macho. Kidevuni ina tundu la hewa, lifungue hata kukiwa na baridi. Ukisimama, fungua kioo. Ukianza kuondoka, kiache wazi kwa upana wa kidole kimoja hadi upepo uanze kupita. Vaa helmeti kwanza, kisha ingiza miwani, mikono yake ipite juu ya masikio bila kupinda. Zipo nyingine ambazo kioo kinawekewa kioo cha pili kwa ndani, chenye mpira pembeni, hewa ikabaki katikati kisipoe. Sikuipata. Ukiiona Mbeya mjini ununue, lakini jua kwamba hiyo inasaidia kioo cha helmeti tu, miwani bado itataka sabuni.

Na tafadhali, usioshe kioo hicho kwa petroli. Nawaona vijana wa bodaboda wakichovya kitambaa kwenye tangi na kufuta, kinang'aa siku hiyohiyo, baadaye kinaanza nyufa ndogondogo. Ikidondokea ndani ni vibaya zaidi, inayeyusha lile povu gumu linalopokea kishindo. Maji na sabuni vinatosha.

Mzigo nimeukabidhi kwa kondakta wa Kosta ya kesho asubuhi, uko ndani ya kiroba cha bluu. Ndani ya helmeti mama yako ameshindilia mchele na kipande cha khanga yake kuukuu iliyolainika, ndicho kitambaa chako cha miwani, usikifanye cha kufutia mnyororo. Yeye bado hajui kwa nini ninaharakisha hivi. Nitamweleza leo jioni tukimaliza kula.

Ukiipokea, ivae, funga mkanda wa kidevu, kisha tikisa kichwa kushoto na kulia. Ngozi ya mashavu isogee nayo. Ishike kwa nyuma ujaribu kuivuta mbele, isivuke. Ikikubana mashavuni sawa, italegea kidogo kwa kuzoea. Ikikuumiza paji la uso, usijilazimishe, irudishe kwa Kosta ya jioni nami nitaibadilisha kesho yake. Nipigie simu kabla hujaenda nayo kazini.

Baba yako