YAH: Mifuko ya kahawa iliyoharibika na dharau niliyotendewa kaunta

Kwa Meneja Mkuu,
Kiwanda cha Uchapaji, Nasser Road, Kampala.

Kwa heshima zote, naandika nikiwa nimejizuia sana. Utaratibu wenu mnaujua: kazi haiingii mashineni mpaka aliyeagiza asaini sampuli. Aliyeagiza ni mimi. Kwenye sampuli yenu hakuna sahihi yangu wala ya mume wangu. Kuna tiki ya peni ya msimamizi wenu.

Nilisimama kaunta na kipande cha lubugo, kitambaa cha gome la mti, mkononi, kwa kuwa rangi ya mifuko ilitakiwa ifanane na gome lile la mti wa mutuba. Nikanyoosha mkono nipokee sampuli. Msimamizi akaupita, akampa mume wangu: "Bosi aangalie kwanza, mama akae pale." Mume wangu ni Mdenmarki. Studioni kwetu yeye ni hesabu na wateja, mimi mtu wa Tanga ndiye ninayechora. Akawaambia, "Mwulizeni yeye." Wakacheka.

Mifuko imetoka nyekundu kama tofali la Kajjansi. Mteja wetu wa Mbale ameikataa yote. Na dalili zilikuwapo tangu tulipoleta faili: fomu ya oda mliijaza jina la mume wangu, nikalikata mwenyewe na kuandika langu.

Narudia la kaunta, maana kwenye simu mmeliita "kutoelewana kidogo". Mkono wangu ulikuwa hewani, karatasi ikapita juu yake. Nikaelekezwa kwenye benchi la wabeba mizigo, mbele ya wateja wengine, kazi yangu ikisukumiwa mtu anayesema wazi kwamba rangi hazijui. Alipokataa kuitazama, msimamizi akamwuliza kama hata nyumbani huamuliwa na mke. Ibara ya 33 ya Katiba ya Uganda inampa mwanamke heshima sawa na mwanamume. Kaunta yenu haimo Uganda?

Mwanzo nilitaka mchape upya tu. Sasa nataka mchape upya bila malipo, mrudishe malipo ya awali, shilingi milioni 3, na mniombe radhi kwa maandishi, kwa jina langu, kabla ya Ijumaa. La sivyo tutakutana kwenye mahakama ya madai madogo. Dai lisilozidi milioni 10 linasikilizwa huko, wala sihitaji wakili. Na wabunifu wenzangu wanaochapisha Nasser Road wataisoma barua hii.

Mifuko yenu iko hapa, tumeni watu waichukue. Yule msimamizi asiwemo.

Mkurugenzi na Mbunifu Mkuu