Barua kwa sahibu yangu juu ya picha za chakula za kuuza

Chake Chake, Pemba

Sahibu yangu mpendwa,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku sote tu wazima, alhamdulillah, na natumai nanyi huko Mwanakwerekwe hamjambo. Picha ulizoniletea nimezipata zote, nimezifungua kwenye kompyuta na kuzitazama moja moja, pamoja na majibu ya wakala wa kuuza picha mtandaoni aliyezikataa. Umeniomba nikwambie ukweli bila ya kukuonea haya, nami nakuandikia kwa urefu kwa sababu naona jicho unalo, na yaliyobaki ni mambo ya kujifunza.

Ningependa kwanza ukumbuke kwamba picha ya kuuza hupigwa kwa ajili ya kazi ya mtu usiyemjua. Atakayeinunua huenda ni mhariri wa jarida la mapishi, au mwenye duka la viungo anayetengeneza karatasi ya kubandika kwenye chupa, au mtu wa hoteli anayepanga orodha ya vyakula, na kila mmoja wao anatafuta kitu kimoja kinachoonekana wazi pamoja na nafasi ya kuweka maandishi yake. Sahani yako ya pilau imejaa picha nzima kutoka pembe hadi pembe, na kandoni umeweka kachumbari, ndizi, birika, maua na glasi ya juisi. Mgeni aliyealikwa chakula cha mchana angefurahi kuiona meza hiyo, lakini mhariri hana pa kuandika hata neno moja. Punguza vitu mpaka ibaki sahani na kitu kimoja cha kuisindikiza, kisha isogeze upande mmoja na uuache upande wa pili mtupu. Ukimaliza, piga tena kitu hicho hicho kwa kuisimamisha kamera, maana jalada la jarida husimama na tangazo la mtandaoni aghalabu hulala.

Kwenye mwanga nitakaa zaidi, kwani hapo ndipo picha zako nyingi zilipoharibikia. Wali wako una rangi mbili: upande wa dirisha umeingia ubuluu na upande wa pili umekuwa wa manjano. Sababu yake ni kwamba balbu ya njano ya chumbani hutoa mwanga wa kiasi cha kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 hadi 3000, ilhali mwanga wa mchana ni kama 5500, na kamera haiwezi kuisawazisha miwili kwa wakati mmoja. Zima taa zote za ndani, ubakie na dirisha peke yake. Flashi ya kamera usiitumie kabisa ukiielekeza moja kwa moja kwenye chakula, kwa kuwa huacha nukta nyeupe kali juu ya kila tone la mafuta na kukifanya chakula kionekane bapa. Mwanga utoke ubavuni au nyuma kidogo ya sahani, hapo ndipo punje za wali, ukoko wa mkate na unyevu wa mchuzi vinapoonekana. Upande wa pili simamisha karatasi ya manila nyeupe ili irudishe mwanga kwenye kivuli; ukitaka picha nzito zaidi, weka manila nyeusi mahali pake. Kadiri meza inavyokaribia dirisha ndivyo kivuli kinavyolainika, na jua likiingia moja kwa moja, tundika shuka jeupe lisilo na maua.

Vitabu vya upigaji picha vya Ulaya husifu dirisha linalotazama kaskazini, na wengi huku wanaufuata ushauri huo bila ya kukumbuka kwamba sisi tuko kusini ya ikweta kwa nyuzi tano au sita tu. Kwetu kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kusini ndilo lisiloingiwa na jua kutwa nzima. Kuanzia Novemba hadi Februari mambo hugeuka, na hapo dirisha la kaskazini ndilo linalofaa. Wewe una madirisha ya pande zote mbili, neema ambayo mimi sinayo, basi hamisha meza yako kulingana na majira. Baraza yenye kivuli nayo inafaa asubuhi na baada ya saa kumi alasiri.

Mipangilio ya kamera ni jambo jepesi. Picha zako zina chenga kwa sababu uliiacha kamera ijichagulie ISO, yaani kipimo cha wepesi wake wa kuhisi mwanga, ikapanda juu mno. Iweke 100, uwazi wa lenzi uwe karibu na f/8 ili sahani yote ionekane kali, kamera ikae kwenye stendi, na utumie kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Simu pia inafaa kwa kuanzia, kwani Adobe Stock, mmoja wa mawakala hao wa mtandaoni, hutaka picha isiyopungua megapikseli 4 tu, lakini usiisogeze karibu sana na sahani kwa lenzi yake pana, maana ukingo wa mbele huvimba. Kabla ya kutuma chochote, ikuze picha hadi asilimia 100 na uikague kipande kwa kipande, kwani wakaguzi nao huitazama kwa karibu namna hiyo. Ule unywele juu ya kitambaa na alama ya kidole kwenye ukingo wa bakuli ungeviona mapema.

Sasa nije kwenye urojo wako, picha ninayoipenda kuliko zote na ninayosikitika zaidi kwamba imekataliwa. Bajia zimezama, chipsi za muhogo zimelowa, na mtu asiyewahi kula urojo ataona bakuli la uji wa manjano. Urojo wa kupigwa picha hujengwa mbele ya kamera. Pindua kisahani kidogo ukilaze kifudifudi ndani ya bakuli, juu yake panga viazi, kachori na bajia, na ndipo umimine rojo taratibu pembeni hadi ifike nusu ya kachori. Chatne ya nazi iweke kwa kijiko kimoja mahali pamoja isitawanyike, na chipsi ziwe za mwisho, wakati umeshapanga mwanga na fokasi kwa kutumia bakuli jingine. Hapo una dakika chache tu kabla hazijalainika, basi piga kwa haraka, kamera ikiwa imeinama kiasi cha nyuzi 45. Sinia la vyakula vingi lipige kutoka juu kabisa, na mkate wa kumimina uliokatwa upige kwa usawa wa meza ili matundu yake yaonekane.

Nakusihi pia uache kupiga tufaha na stroberi za dukani. Vitu hivyo vimejaa tele kwa mawakala wote, na tangu mwaka 2022 Adobe Stock hupokea hata picha zilizotengenezwa kwa akili bandia, kwa hiyo tufaha lako linashindana na matufaha yasiyo na idadi. Tazama badala yake kile ulicho nacho karibu. Kungumanga linapopasuka mtini, ndani yake hutokea mbegu ya kahawia iliyokoza inayong'aa, imevishwa basibasi nyekundu kama wavu uliochanika, na wekundu huo hauna subira: siku chache baadaye hufifia na kuelekea rangi ya machungwa. Mtu wa Ulaya mwenye studio ya gharama kubwa hawezi kulipata likiwa katika hali hiyo, lakini wewe unaweza kulichuma Kizimbani asubuhi na kulipiga kabla ya adhuhuri. Karafuu nazo zipige katika hali zake zote, mbichi zikiwa zimeshikana na makonyo yake, na kavu juu ya jamvi. Hapa Pemba msimu ukifika, kila uwanja ni studio, na ukija utalala kwangu.

Vyombo vyetu visivyo na nembo, kama vile kawa, ungo, kinu na sinia la shaba, vinatosha kupamba picha bila ya matatizo. Kanga iache, ingawa najua unavyoipenda, kwa sababu michoro yake ina wenyewe na wakala anaweza kuikataa picha kwa ajili ya haki za mchoraji. Lebo ya chupa ya soda ni hivyo hivyo. Uso wa mtu ukionekana, lazima awe ametia saini fomu ya ridhaa.

Kuhusu maneno ya utafutaji, uliandika "chakula, kitamu, kizuri, Afrika" na kuishia hapo, na hata yangetafsiriwa kwa lugha wanayoitumia wanunuzi yasingemfikisha mtu kwako. Adobe Stock huruhusu hadi maneno 49 na huyapa uzito zaidi yale kumi ya mwanzo, basi anza na jina la kitu chenyewe, kisha mahali, chombo, namna kilivyopikwa na wakati kinapoliwa. Kwa viungo ongeza jina la kitaalamu, yaani Myristica fragrans kwa kungumanga na Syzygium aromaticum kwa karafuu, kwa kuwa wachapishaji wa vitabu hutafuta kwa majina hayo. Picha za futari, yaani magimbi ya nazi, tambi, tende na uji, zitume miezi miwili au mitatu kabla ya Ramadhani, na usisahau kwamba mwezi huo hurudi nyuma kwa siku kama kumi na moja kila mwaka.

Juu ya malipo usijipe matumaini ya haraka. Adobe Stock humpa mpiga picha asilimia 33 ya bei ya picha, na fedha hutolewa zikifika dola 25. Watakutaka pia ujaze fomu ya kodi iitwayo W-8BEN, na kwa kuwa nchi yetu haina mkataba wa kodi na Marekani, mauzo yanayotokana na wanunuzi wa huko hukatwa asilimia 30. Picha hiyo hiyo, madhali hukuiuza kwa masharti ya wakala mmoja pekee, unaweza kuipeleka kwa mawakala wengine pia.

Lenzi yako naona imeanza kuota ukungu pembeni, na unyevu wa visiwani mwetu hauna huruma. Ihifadhi ndani ya chombo cha plastiki kinachofunga barabara, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu, na uitoe mara kwa mara ipate hewa.

Urojo nataka uupige upya wiki hii. Niletee faili la asili kabla hujalirekebisha rangi, kisha nitakuandikia tena. Wasalimie mama na watoto.

Wasalaam,
Sahibu yako wa Chake