Anayekataliwa fidia ya bima apewe ripoti ya mthamini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa wafanyabiashara wengi wa hapa Mwanza waliokatia bima maghala na maduka yao, nalo ni namna madai yao yanavyokataliwa, au kupunguzwa mpaka yakabaki ya kununulia bati tu, bila wenyewe kuonyeshwa karatasi ambayo uamuzi huo umeegemea.

Kazi yangu ni kuwatunzia hesabu wafanyabiashara wa Kirumba na Makoroboi, kwa hiyo barua za kampuni za bima hupita mikononi mwangu. Mojawapo ilimhusu mama anayehifadhi dagaa katika ghala karibu na mwalo wa Kirumba. Upepo wa mvua za masika uliezua paa usiku, magunia yakalowa. Bima yake ilikuwa ya moto yenye nyongeza ya dhoruba na mafuriko (nyongeza ambayo wengi huikwepa kwa kubana ada, kisha hushangaa maji yanapoingia), ada alikwisha kuilipa yote, na taarifa aliitoa asubuhi ile ile. Mthamini wa hasara aliyetumwa na kampuni alipofika, siku kadhaa zilikuwa zimepita, mzigo umeoza na bwana afya ameshaagiza utupwe. Akapiga picha za sakafu yenye magamba na kuta zenye michirizi ya maji, akauliza maswali mawili matatu, akaondoka. Majibu yalikuja katika sentensi chache: kampuni inakubali kuwa dhoruba ilitokea, ila kiasi cha mzigo hakikuthibitishwa, na hivyo italipa sehemu tu ya dai.

Mwenye dai alipouliza hesabu hiyo imepatikanaje, aliambiwa imo katika ripoti ya mthamini. Alipoiomba ripoti, aliambiwa ni ya matumizi ya ndani ya kampuni. Simlaumu mthamini kwa kuteuliwa na kulipwa na kampuni, kwani ndivyo kazi hiyo inavyoendeshwa. Lakini ripoti yake ndiyo hukumu yenyewe, na mtu hawezi kukata rufaa juu ya hukumu asiyoruhusiwa kuisoma.

Umuhimu wa jambo hili ulijitokeza pale dalali wake wa bima alipofuatilia mpaka akapewa ukurasa mmoja wa mahesabu. Ndani yake ilikuwamo kanuni ya wastani, ambayo wafanyabiashara wengi hukutana nayo kwa mara ya kwanza siku ya kuumia. Mwenye mzigo wa shilingi milioni 60 akiukatia bima ya milioni 30, kisha akapata hasara ya milioni 20, atalipwa milioni 10, kwa sababu huhesabiwa kuwa nusu ya hatari ameibeba mwenyewe. Kanuni hiyo ni ya haki, maana aliyelipia nusu hawezi kudai kama aliyelipia yote. Tatizo ni nani amesema mzigo ulikuwa na thamani ya milioni 60, na ya siku gani. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikitoka wavuvi hupumzika, na ghala lililojaa hadi mlangoni hubaki na magunia ya kuhesabika. Katika ukurasa ule, kwenye kupima hasara mzigo ulichukuliwa kuwa mdogo, na kwenye kupiga wastani ukachukuliwa kuwa mkubwa, ingawa ni ghala lile lile, usiku ule ule. Bila ukurasa huo nani angelijua hilo?

Wenye kampuni hujibu kwamba wakitoa ripoti watawafundisha wadanganyifu. Udanganyifu upo, sikatai, na wapo waliochoma maduka yao kwa mikono yao. Lakini kampuni inayomshuku mteja wake inapaswa kumwandikia hivyo waziwazi na kulipeleka suala polisi. Idadi ya magunia, bei iliyotumika na kifungu cha mkataba kilichotumika kupunguza fidia si siri za upelelezi.

Wanaoumia zaidi ni wale ambao bima yao imepitia benki. Ada hukatwa kwenye mkopo, mkataba hukaa kwenye faili la benki, na mkopaji hubaki na stakabadhi tu. Siku ya hasara hajui hata kama dhoruba imo au haimo. Na wenye nakala nao wengi wao wanayo ya Kiingereza, katika nchi ambayo tangu mwaka 2021 imeamua kwa sheria kuwa Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama.

Najua milango ya malalamiko ipo. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza, na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliweka pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ili mnyonge asilazimike kuanzia mahakamani. Ila anayefika huko bila ripoti hana la kusema zaidi ya kwamba ameonewa. Ninaiomba TIRA iagize kwamba kila barua ya kukataa au kupunguza dai la mali itaje kifungu kilichotumika na iambatane na ripoti nzima ya mthamini, na kwamba kwa bidhaa zinazooza, kama mthamini hakufika upesi, hati ya bwana afya ya kuamuru mzigo utupwe, pamoja na picha na daftari la stoo, vipokelewe kuwa ushahidi. Haiwezekani mtu aadhibiwe na bwana afya kwa kuuweka mzigo, kisha aadhibiwe na bima kwa kuutupa.

Hadi agizo hilo litakapotoka, nawashauri wenye madai wasiharakishe kutia saini hati inayosema kuwa wamepokea malipo kamili na ya mwisho, hata kama shida inawabana na karani anasema hundi ipo tayari mezani. Waombe ripoti kwa barua, nakala yao igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na nakala hiyo ndiyo waende nayo TIRA.

Wako,
Mtunza hesabu,
Kirumba, Mwanza